Sura ya Saba: Nyumbani Anachekesha, Kwa Wageni Anaua

Kila *The Last King of Scotland* inapoonyeshwa tena Kampala, hakosekani mtu wa kuuliza: "Huyu Masanga si ndiye yule wa redioni?" Ndiye. Masanga, mkuu wa watesaji wa Idi Amin katika filamu hiyo ya mwaka 2006, aliigizwa na Abby Mukiibi Nkaaga, mtangazaji wa miaka mingi wa CBS, redio ya Buganda, na kiongozi wa kundi la maigizo la Afri-Talent. Wenyeji wanamjua kwanza kwa sauti. Wanamsikia dukani, ndani ya teksi, saluni, na mara nyingi wanamsikia akiwa kwenye utani. Halafu wanamwona kwenye skrini akisimama nyuma ya Amin, kimya, na utani wote umekwisha.

Hapo linazaliwa swali la pili, ambalo ndilo la sura hii. Mtu ambaye kazi yake nyumbani ni kuchekesha na kusimulia, kwa nini wageni wakija na kamera zao wanamvika sare na kumpa bunduki? Si Mukiibi peke yake. Ukizifuata kazi za waigizaji wakongwe wa Uganda utakuta karibu wote wana maisha mawili ya namna hii. Nimemchagua yeye kwa sababu kwake mstari unaonekana wazi zaidi.

Hizi hapa nne kati ya kazi zake za filamu:

- *Sometimes in April* (2005), ya Raoul Peck, kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mukiibi ni Kanali Théoneste Bagosora.
- *The Last King of Scotland* (2006), ya Kevin Macdonald. Mukiibi ni Masanga.
- *Wit Licht* (2008), filamu ya Kiholanzi ya Jean van de Velde, iliyopelekwa Cannes mwaka 2009 kwa jina la *The Silent Army*. Mukiibi ni Michel Obeke, mbabe wa vita anayeteka watoto na kuwafanya askari.
- *The Mercy of the Jungle* (2018), ya Mnyarwanda Joel Karekezi, kuhusu wanajeshi wawili waliopotea katika misitu ya Kongo. Mukiibi yumo pia.

Kanali, mtesaji, mbabe wa vita, na tena vita. Ile ya kwanza inastahili kutazamwa kwa makini. Filamu ya Peck ilipotoka, Bagosora halisi alikuwa bado kizimbani Arusha, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kushughulikia mauaji ya Rwanda. Alitiwa hatiani Desemba 2008 na kufungwa maisha. Rufaa ya mwaka 2011 ikakipunguza kifungo hadi miaka 35. Kwa hiyo Mganda huyu alivaa sura ya mtu aliyekuwa hai, anayejitetea, safari ya siku moja kwa basi kutoka Nairobi. Mwigizaji wa namna hiyo hana pa kujificha. Akikosea, wapo walionusurika ambao watajua.

Kilima chenye kambi

Ili kuelewa uzito wa Masanga kwa mtazamaji wa Kampala, panda Makindye.

Makindye ni jina la kilima na pia la moja ya tarafa tano za jiji. Tarafa hiyo inaanzia Katwe, kwenye mafundi wa vyuma, inapita Kibuye, Kabalagala na Kansanga, hadi Ggaba na Buziga, ambako nyumba zinatazama ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale. Juu ya kilima chenyewe palikuwa na kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mei 1966 Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu na aliyejitangaza Rais, alituma jeshi kulivamia kasri kuu la Mengo, na aliyeongoza mashambulizi hayo alikuwa Idi Amin. Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Makindye nayo ikaingia mikononi mwa jeshi.

Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, Makindye ikawa kambi ya polisi wa kijeshi, na ndani ya kambi kukawa na jela. Kampala ya miaka ile ilikuwa na majina matatu ambayo watu waliyataja kwa kunong'ona. Nakasero palikuwa makao ya idara ya ujasusi iliyojiita Ofisi ya Utafiti wa Taifa. Naguru palikuwa na kikosi cha usalama wa raia, jina ambalo wananchi waliliona kama kejeli. Makindye ndiyo ya tatu. Mwaka 1972 hata waandishi wa habari wa kigeni walitupwa humo, miongoni mwao Sandy Gall wa televisheni ya Uingereza, aliyetoka hai na kusimulia. Waganda wengi walioingia hawakupata nafasi ya kusimulia. Jeshi halijahama kabisa katika kilima hicho: ndipo Mahakama Kuu ya Kijeshi ilipokuwa ikiwahukumu hata raia, na Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hawakupaswa kushtakiwa huko.

Sasa mpeleke Masanga kwa mtazamaji wa aina hiyo. Mtazamaji wa Chicago anaona mhusika wa kutisha katika hadithi. Mzee wa Kibuye, ambaye ndugu yake alichukuliwa usiku wa mwaka 1973 kwenye buti ya Peugeot, anaona mtu anayemfahamu. Mwigizaji analijua hilo, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, Masanga wa Mukiibi haongei sana wala hapayuki. Watu wa aina hiyo hawakuhitaji kupayuka. Wageni huona uigizaji huo kama ustadi wa kupunguza. Mimi nauona kama kumbukumbu ya jirani.

Mwaka ambao igizo liliua

Kuna jambo moja la kihistoria ambalo bila hilo sura hii haina mguu wa kusimamia.

Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala lilifunguliwa mwaka 1959. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1954, Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha wasanii Waafrika na kuandika maigizo ya Kiganda, wakati jukwaa la mjini lilikuwa bado mali ya wazungu na tamthilia zao. Kiyingi alipeleka maigizo hadi redioni, na alipofariki mwaka 2014 magazeti yalimwita baba wa maigizo ya Uganda. Jina hilo halikuwa la bure.

Kizazi kilichomfuata kilikutana na Amin. Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji, alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa. Kazi yake iliyopendwa kuliko zote, *Oluyimba lwa Wankoko*, ni igizo la nyimbo, yaani igizo ambamo sehemu kubwa ya kisa inaimbwa. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Ndani yake kuna kiti cha enzi na mtu anayekinyakua. Watazamaji wa Buganda waliokumbuka mwaka 1966 hawakuhitaji mkalimani. Mapema mwaka 1977 igizo hilo lilipelekwa Lagos, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi duniani. Muda mfupi baada ya kurejea, Kawadwa alikamatwa na kuuawa. Ni katika wiki hizo hizo ambapo Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa, Februari 16.

Wengine walijifunza kusema bila maneno. Robert Serumaga, msomi wa uchumi kutoka Dublin aliyegeuka mwandishi na mwigizaji, alianzisha kundi la Abafumi ambalo liliegemea mwili, ngoma na vilio badala ya mazungumzo. Mkaguzi wa serikali hukagua maandishi; atakagua nini pale ambapo mtu anajikunja jukwaani na kupiga ukelele? Kundi lilizunguka dunia. Serumaga mwenyewe aliishia kwenye harakati za kumwondoa Amin, akawa waziri mwaka 1979, na akafia Nairobi mwaka 1980.

Sasa weka miaka miwili ubavuni: 1977 na 2005. Katika wa kwanza, mtu wa maigizo anachukuliwa na watu wa Amin. Katika wa pili, kamera za Macdonald ziko Kampala, na mtu wa maigizo analipwa kuwa mtu wa Amin. Umbali kati ya miaka hiyo ni miaka 28 tu. Hospitali ya Mulago inaigiza Mulago. Barabara ni zile zile. Sidhani kama kuna mji mwingine wa Afrika Mashariki ambako fani hii imegeuziwa kibao kwa kiasi hicho ndani ya umri wa mtu mmoja.

> Kwa ufupi, tulipofika: Sare ya askari katika filamu kuhusu Uganda ina watazamaji wawili. Wa nje anaona aina ya filamu. Wa ndani anaona historia ya mtaa wake. Mwigizaji mkongwe anawaigizia wote wawili kwa malipo ya mmoja.

Kundi, na jinsi linavyokula

Msomaji mwingine atauliza: kama sare inamchosha, si aikatae? Tuzungumze hela.

Maigizo ya Kampala hayajengwi na mwigizaji mmoja mmoja. Yanajengwa na kundi. Kundi ni familia ya kikazi ya watu kumi hadi thelathini wenye kiongozi, ambaye mara nyingi ndiye mwandishi, mwongozaji na mweka hazina kwa pamoja. Miaka ya 1980 na 1990 makundi yalikuwa na wafuasi kama timu za mpira. The Ebonies, walioanza kama waimbaji na Jimmy Katumba, walijaza kumbi na baadaye wakapata makao yao Theatre La Bonita. Bakayimbira Dramactors, kundi la kina Andrew Benon Kibuuka, Charles Ssenkubuge na Aloysius Matovu Joy, walikuwa na *Ndiwulira*, igizo kuhusu ukimwi lililoonyeshwa mapema miaka ya 1990, wakati hakukuwa na familia mjini ambayo haijazika. Diamonds Ensemble walikuwa na Kato Lubwama. Afri-Talent walikuwa na Mukiibi.

Hesabu yake ni rahisi na katili. Igizo linafanyiwa mazoezi siku za kazi, bila malipo. Linaonyeshwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kiingilio kinatoa kwanza kodi ya ukumbi, kisha matangazo, usafiri na mavazi. Kinachobaki kinagawanywa kwa ukubwa wa jina. Mvua kubwa ikinyesha Jumamosi jioni, wenye majina madogo wanarudi nyumbani na nauli. Igizo likichoka mjini, linapakiwa kwenye gari na kupelekwa Masaka, Mityana, Mukono na Jinja, kwenye kumbi za shule na za baa.

Kisha watazamaji wakaanza kuhama. Walihamia kwenye vibanda vya video, zile kumbi ndogo za mbao na mabati zilizojaa Katwe na Kibuye, ambako VJ, yaani msimulizi anayekaa na kipaza sauti na kuitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, huuza tiketi kwa bei ya chapati. (VJ ni mwigizaji kamili, na siku moja mtu atuandikie kitabu chake. Mikononi mwa VJ hodari hata jambazi wa Hollywood anakuwa na shangazi Wakiso.) Walihamia kwenye usiku wa vichekesho, ambako mtu mmoja na kipaza sauti anafanya kazi ya kundi zima kwa gharama ya mtu mmoja. Walihamia kwenye matamasha ya muziki. Na wengi walibaki nyumbani na televisheni.

Wakongwe waliodumu ni wale waliowafuata watazamaji huko walikokwenda. The Ebonies walikwenda kwenye televisheni na *That's Life Mwattu* katika WBS, na Sam Bagenda akawa Dakta Bbosa kwa taifa zima. Wapo wasiolijua jina lake la kuzaliwa mpaka leo. Mariam Ndagire, mwigizaji na mwimbaji, aligeuka mtengenezaji wa filamu na kuanza kufundisha vijana. Kato Lubwama alikwenda redioni, kisha bungeni, mbunge wa Rubaga Kusini kuanzia 2016 hadi 2021, na alipofariki Juni 2023 waombolezaji walishindwa kuamua wanamzika mchekeshaji au mwanasiasa. Ushereheshaji wa harusi nao umewalisha wengi, ingawa ni nadra kuutaja wakihojiwa.

Redio ndiyo iliyokuwa nguzo. CBS ilianza kurusha matangazo Juni 1996 kutoka Bulange, Mengo, na waigizaji waliingia humo kwa wingi kwa sababu walikuwa na kile ambacho redio ilikitaka: Kiganda kilichoiva, sauti, na kipaji cha kuwa watu watatu ndani ya dakika moja. Redio inalipa mwisho wa mwezi. Redio pia inatangaza igizo lako la Jumamosi. Lakini nguzo moja haibebi nyumba. Septemba 2009, ghasia zilipozuka baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali iliifunga CBS, na haikurudi hewani mpaka Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mzima. Kwa watangazaji ambao wakati huo huo walikuwa waigizaji, mshahara ulikatika na tangazo la igizo likakatika siku moja.

Katikati ya maisha ya namna hiyo anafika mtayarishaji kutoka nje, na malipo ya siku. Malipo ya siku maana yake ni hayo tu: unalipwa kwa kila siku uliyosimama mbele ya kamera, basi. Mrabaha, ile sehemu ya mapato inayomfuata msanii kila kazi yake inapouzwa au kuonyeshwa tena, mara nyingi haumo kwenye mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mwigizaji kama mwenye haki juu ya uigizaji wake, lakini saini moja inatosha kuihamisha haki hiyo yote. Hata hivyo, siku chache za filamu ya wageni zinaweza kuzidi wikendi nyingi za jukwaani. Ndiyo maana sare haikataliwi.

Nani huruhusiwa kuwa Amin?

Hapa nataka msomaji ahesabu nami, kwa sababu jambo hili halisemwi sana.

Filamu kuhusu Amin zilianza akiwa bado madarakani, baada ya makomando wa Israeli kuvamia Entebbe Julai 1976. Katika *Victory at Entebbe* aliigizwa na Julius Harris, Mmarekani, aliyechukua nafasi ya Mmarekani mwingine, Godfrey Cambridge, aliyefariki dunia wakati wa upigaji wa filamu. Katika *Raid on Entebbe* alikuwa Yaphet Kotto, Mmarekani. Mwaka 1981 Sharad Patel alitengeneza Kenya *Rise and Fall of Idi Amin*, na Amin akawa Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, aliyefanana naye hadi watu wakashtuka. Mwaka 1991 Mira Nair alimwita Olita tena kwa muda mfupi katika *Mississippi Masala*. Mwaka 2006 alikuja Forest Whitaker, Mmarekani, akaondoka na Oscar. Mwaka 2018, katika *7 Days in Entebbe*, alikuwa Nonso Anozie, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria.

Mganda hayumo.

Waganda wanasimama nyuma ya Amin, wanamfungulia mlango wa gari, wanamkamatia watu. Sisemi Whitaker hakustahili. Alijifunza Kiswahili, alikaa na watu waliomjua Amin, na filamu ilipozinduliwa Kampala Februari 2007, siku chache kabla ya Oscar, Rais Museveni mwenyewe alikwenda kuitazama. Nasema kwamba mpangilio ni ule ule kila mara. Tazama tena *The Last King of Scotland*: daktari Mganda mwenye utu, yule anayemwokoa Mskoti, mhusika mkuu, mwishoni, ni David Oyelowo, Mwingereza. Mtesaji ni Mukiibi, Mganda. Kuna nafuu moja: waziri Jonah Wasswa, mwenye heshima na busara, alipewa Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa Ndere Troupe, na vipande vyake vichache vinatosha kuonyesha tulikosa nini.

Tatizo halianzii kwenye ubaya wa nia ya mtu. Linaanzia kwenye fedha. Anayetoa mtaji anataka jina ambalo litauza tiketi London, na jina la namna hiyo huwekwa kwenye nafasi kubwa. Nafasi za pili na za tatu hutafutwa mahali filamu inapopigwa, kwa usaili, yaani kuwaita waigizaji mmoja mmoja wasome kipande mbele ya mchaguzi. Na hadithi ambazo wageni huja kuzipiga Afrika Mashariki kwa kawaida huwa na askari wengi kuliko mashangazi. Mwigizaji mwenye mwili, sauti nzito na miaka ishirini ya jukwaa akiingia kwenye usaili huo, mchaguzi anaona kanali kabla hajafungua mdomo.

Kiswahili cha sare

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kuambiwa jambo hili waziwazi, hata kama halitampendeza. Kwenye jukwaa la Kiganda, lugha hii unayoisoma imekuwa kwa miaka mingi sehemu ya vazi la askari. Mhusika akianza kuamrisha kwa Kiswahili, ukumbi unajua mara moja: kizuizi cha barabarani, kambi, au wezi.

Haikuanza jana. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo Amin alijiunga nalo mwaka 1946, liliendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania liliingia Kampala likizungumza Kiswahili pia, safari hii wakiwa wakombozi, na wazee wengine hukumbuka kwa mshangao kwamba askari aliwaambia "tafadhali". Kisha miaka ya utawala wa pili wa Obote ikaja na vizuizi vyake. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sikio la mtazamaji halifuati katiba.

Kwa mwigizaji, hiki ni chombo cha kazi. Mchekeshaji wa Kiganda anaweza kumgeuza mhusika kwa sentensi moja ya Kiswahili kibovu cha kambini, na ukumbi ukacheka kwa sababu ulishaogopa. Filamu za wageni zimechukua nusu ya chombo hicho. Zinachukua woga na kuacha kicheko. Ndiyo maana mtu anayemjua Mukiibi kwa vichekesho hapati taabu kuelewa alikomtoa Masanga: mahali ni pale pale, ila mlango wa kicheko umefungwa.

Chini ya kilima

Tarafa ya Makindye imetoa jibu lake kwa filamu za sare, na lilitokea Katwe. *Queen of Katwe* ya Mira Nair, iliyotoka mwaka 2016, inamsimulia Phiona Mutesi, binti aliyeuza mahindi na kujifunza sataranji katika mtaa huo mpaka akachezea taifa. Hakuna mbabe wa vita. Kuna mama anayetafuta kodi, mwalimu, mafuriko, watoto wanaobishana. Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla ya hapo, alibeba nafasi ya Phiona. Nafasi kubwa za watu wazima zilikwenda kwa Lupita Nyong'o, Mkenya, na kwa Oyelowo yule yule. Hesabu ya fedha haikubadilika, lakini angalau wahusika walibadilika.

Nair si mpita njia Makindye. Ana nyumba Buziga, na tangu miaka ya 2000 taasisi yake ya Maisha imekuwa ikiwakusanya vijana wa Afrika Mashariki kuwafundisha uandishi na uongozaji wa filamu. Shabaha ya mafunzo hayo iko mahali sahihi, yaani kwenye kalamu. Mwigizaji hawezi kuigiza nafasi ambayo haijaandikwa.

Ushahidi ni *The Mercy of the Jungle*. Karekezi, aliyempoteza baba yake katika mauaji ya kimbari, aliandika filamu ya askari, aliipiga Uganda, na akawaita wakongwe kama Mukiibi na Michael Wawuyo, mwigizaji ambaye pia ni fundi wa vipodozi vya filamu, yule anayetengeneza majeraha na damu bandia. Sare zimo, bunduki zimo. Lakini askari wake wana njaa, wanaumwa malaria, wanasahau wanapigania nini. Mwaka 2019 filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, Ouagadougou, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya filamu barani. Wageni walikuwa na waigizaji hao hao mbele ya kamera zao kwa miaka kumi na tano.

Nyumbani nako sare ina siasa zake. *27 Guns* ya mwaka 2018, kuhusu kuanza kwa vita vya msituni mwaka 1981, iliongozwa na Natasha Museveni Karugire, binti wa Rais, na humo askari ni shujaa bila doa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya askari muuaji wa wageni na askari malaika wa serikali, nitarudi kumtazama yule mwenye malaria.

Kijana wa Katwe akiuliza aanzie wapi

Swali hili huletwa na wazazi pia, kwa wasiwasi zaidi. Kwa kuyatazama maisha ya wakongwe, haya ndiyo yanayoonekana:

- Anza kwenye kundi, hata kama halilipi. Huko ndiko watu hujifunza kusikiliza ukumbi, na kamera hailifundishi hilo.
- Uwe na kipato kisichotegemea kiingilio, na usikiweke chote chini ya mwajiri mmoja. Walioishi mwaka 2010 bila CBS watakuelewesha.
- Usaili wa kanali ukija, nenda. Lakini uliza kama kuna nafasi nyingine kwenye hadithi hiyo: daktari, baba, mwizi wa kuku. Mara moja moja mchaguzi hufungua ukurasa mwingine.
- Jifunze ufundi wa pembeni kama Wawuyo. Siku ambazo hakuna anayekuhitaji mbele ya kamera, kuna anayehitaji jeraha la saa nne asubuhi.
- Mkataba usomwe na mtu mwingine kabla ya saini, hasa sehemu inayosema filamu itauzwa wapi na kwa muda gani, na jina lako litaandikwaje mwishoni.